Vidole vya Bwana Kurata

Kasingirima, mtaa wa Ujiji, mwaka ule wa sabini na nne, kulikuwa na benchi moja lililojaa maneno kuliko baraza la wilaya. Lilikuwa ubao wa boti iliyovunjika, umelazwa juu ya matofali, na ukuta wa duka la ushirika ndio uliokuwa egemeo lake. Kila alasiri Mzee Dunia alipofika na birika lake la kahawa, alilikuta limekaliwa na watu watatu walewale, ubishi umeshapamba moto. Upande wa kulia alikaa Ignas, mchuuzi wa dagaa, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna habari iliyompita, na ikimpita aliitunga. Katikati alikaa Gervasi, fundi cherehani, aliyeitwa Mwenyekiti. Huyu hata habari za mvua alizisema kama yuko mkutanoni, na kweli alikuwa mwenyekiti wa timu ya mpira ya Nyota ya Ziwa. Upande wa kushoto alikaa Faustini, karani wa mizani pale bandarini, aliyeitwa Tabora. Jina hilo hakulipenda. Mwaka wa sitini na saba alikuwa golikipa wa Nyota, na fainali ya kombe la kanda ikachezwa Tabora. Dakika ya mwisho mpira mmoja mnyonge, mpira wa kutambaa, ulidunda mara mbili ukapita katikati ya miguu yake. Tangu siku aliyoteremka kwenye treni kurudi nyumbani, hakukanyaga tena uwanjani, hata kutazama.

Wiki hiyo habari ya kijiwe ilikuwa moja tu: Mjapani.

— Mmeviona vidole vyake? alianza Redio.

— Nani asiyeviona? Mkono wa kulia wote. Kila kidole kinatazama kijiji chake.

— Basi mimi nina habari kamili. Ni mamba. Alikuwa ananawa pale mto Malagarasi unapoingia ziwani, karibu na Ilagala. Mamba akaudaka mkono. Mjapani badala ya kuuvuta akausukuma ndani mpaka kooni. Mamba akapaliwa, akamtema.

— Umeyapata wapi hayo?

— Kwa mtu wa Ilagala.

— Jina lake?

— Hakutaja. Alikuwa na haraka.

Mwenyekiti alikohoa, akasogeza kikombe chake pembeni.

— Ndugu wajumbe. Mamba hukata, hapindi. Vidole vile vimepindwa na mashine. Kule kwao kila mtu akizaliwa anapangiwa mashine yake. Huyu alipangiwa ya kukunja mabati, akasinzia.

— Nyote hamjui, alisema Mzee Dunia akimimina. Yule si anakaa na wenzake huko kusini, wanaosoma habari za sokwe? Sokwe ndiye aliyemfanya vile. Sokwe akikupa mkono hakuachii mpaka umwitikie salamu yake. Sasa huyu maskini hakujua kuitikia.

— Unaona! Redio akaruka. Kwa hiyo nilikuwa karibu. Mamba na sokwe wote wa porini.

Faustini alikuwa anatazama kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia, kilichovunjika mwaka wa sitini na tano kikaunga upande. Alikuwa amemwona yule Mjapani bandarini mara mbili, akiulizia kipuri cha injini ya boti kilichokuwa kinakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ameviona vidole vile kwa karibu, juu ya mizani yake, akakosa usingizi wa mchana.

Mara Mjapani mwenyewe akatokea. Alikuwa mtu mfupi mnene wa shingo, umri wa miaka arobaini na kitu, kaptula imechafuka oili.

— Mwidiwe! Redio alimtupia salamu ya Kiha, kumjaribu.

— Mwidiwe, alijibu yule bwana bila kusita. Kisha akainama mbele ya Mzee Dunia. Shikamoo mzee. Naomba kahawa.

Benchi lilikuwa limejaa. Watu wakajisogezasogeza kwa adabu, lakini nafasi haikupatikana.

— Hapana, kaeni, alisema. Mimi hapa sawa.

Akachuchumaa. Akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Mwenyekiti alieleza kuhusu upungufu wa vitambaa tangu mwanzo hadi mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa mbali. Mjapani hakusimama, hakubadili mguu, wala hakuegemea ukuta. Alikaa juu ya visigino vyake kama mtu aliyekaa kwenye kochi.

Faustini akashindwa kuvumilia.

— Samahani, bwana. Hivyo vidole vyako, ni mpira?

Mjapani aligeuka. Hakumtazama usoni, alimtazama mkono. Alikiona kile kidole cha mwisho.

— Wewe golikipa?

— Zamani.

— Na mimi zamani, alisema, na uso wake wote ukafunguka. Lakini mpira wangu mdogo. Hivi.

Akaokota ndimu moja kwenye beseni la mama aliyekuwa akipita, akaomba radhi, akaishika juu waione. Jina lake ni Kurata, akasema. Kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kuchuchumaa.

— Kazi? aliuliza Mwenyekiti. Kazi ya kuajiriwa?

— Ndiyo. Kuna mtu anarusha. Mbele yangu kuna mtu ana gongo, anataka kupiga. Akikosa, mpira unakuja kwangu, nadaka. Mimi mdakaji. Nachuchumaa, narudisha mpira, nachuchumaa tena. Siku moja labda mara mia na hamsini.

— Na vidole?

— Mpira mgumu sana, kasi kama gari. Mkono wa kushoto una glovu kubwa ya ngozi. Wa kulia hauna kitu. Mpira ukiguswa na gongo kidogo tu, unabadili njia. Akavihesabu vidole vyake kimoja kimoja. Hiki, mwaka wa kwanza. Hiki, mara mbili. Hiki, mvua ilinyesha. Hiki sikumbuki.

Redio alimkonyeza Mwenyekiti, na wote wawili wakatikisa vichwa polepole, wakionyesha kwamba wamekwisha kuonja uongo mwingi maishani na huu una ladha ileile.

— Bwana Kurata, alisema Mwenyekiti, hatukatai. Lakini kijiwe hiki kina utaratibu. Mtu akileta hoja tunaomba ushahidi. Mama, ndimu ngapi hizo?

— Mkizipasua mmezinunua, alisema yule mama, akatua beseni lake kabisa ili aone vizuri.

Basi Redio alisimama hatua ishirini kwenda barabarani, ndimu mkononi. Mjapani alichuchumaa mbele ya ukuta wa duka, mkono wa kushoto mbele, wa kulia kauficha nyuma ya kisigino. Redio akarusha kwa heshima. Ndimu ikatoweka kiganjani. Akarusha kwa nguvu. Ikatoweka. Akarusha juu, akarusha pembeni, na zote zikaishia palepale bila kishindo. Watu wakaanza kusimama. Mwenye baiskeli alishuka. Redio, ambaye sasa alikuwa anatoka jasho na heshima imemwisha, alirusha moja ya hila, chini kabisa, ikadunda mavumbini hatua moja kabla ya kumfikia.

Faustini alijikuta amesimama. Mpira wa namna ile aliujua. Aliuona kila usiku, tangu sitini na saba, akifumba macho.

Kurata hakupeleka mkono. Aliangusha magoti yote mawili chini, akakunja mabega mbele, akafunga nafasi yote kati ya miguu yake kama anayefunga mlango. Ndimu ikampiga kifuani, ikaanguka mbele ya magoti yake, ikatulia.

— Hii, alisema akipangusa vumbi, huidaki. Ukitaka kudaka, inapita. Unaweka mwili tu. Ikupige. Ikianguka mbele yako, basi.

— Ikupige! alisema Redio, akihema. Umesikia, Tabora? Ikupige!

Kijiwe kizima kikacheka, na Faustini alicheka pia maana alishazoea, lakini masikio yalimwaka moto. Kurata aliuliza Tabora ni nini. Wakamweleza, wote kwa pamoja, Mwenyekiti akitoa tarehe na Redio akiuigiza ule mpira kwa kikombe. Kurata alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

— Dakika ya mwisho? alimuuliza Faustini.

— Ya mwisho kabisa.

— Fainali?

— Fainali.

Kurata alichuchumaa tena, akaomba kahawa ya tatu, na akaanza kusimulia taratibu, akitafuta maneno.

Alizaliwa mji wa wavuvi. Baba yake alikuwa fundi wa injini za boti. Alipofika miaka kumi na minane, timu kubwa ilimchukua, na mtaa wote ukamsindikiza stesheni. Lakini timu ilikuwa na mdakaji wake, mtu hodari, hakuumwa wala hakuchoka. Kurata akawekwa pembeni ya uwanja, mahali warushaji wanapopashia mikono moto kabla ya kuingia mchezoni. Kazi yake ikawa kuwadakia hao. Miaka sita.

— Miaka sita hukucheza? aliuliza Mzee Dunia.

— Nadaka kila siku. Lakini hakuna anayehesabu.

— Nyumbani ulisema nini?

— Mama aliandika barua, anauliza, mbona magazetini hatukuoni? Nikajibu, tazama nyuma ya picha.

Mwaka wa saba yule hodari alivunjika goti. Kurata akaingia. Alipoingia hakutoka tena kwa miaka kumi na moja. Alikuwepo mrushaji mmoja mkubwa kwake kwa umri, jina lake Sawaki, mkali, asiyezungumza na mtu. Kurata alijifunza kumsoma kwa bega lake. Yeye ndiye aliyemwelekeza, kwa ishara za vidole vilivyofichwa kati ya mapaja, arushe wapi na kwa kasi gani, na Sawaki alimtii. Kwa pamoja wakaipeleka timu mpaka fainali ya nchi nzima.

— Mchezo wa mwisho, alisema Kurata. Zamu ya mwisho. Tuko sawasawa. Mtu wao mmoja anakimbia, yuko karibu kabisa kufika nyumbani, yaani pale nilipochuchumaa. Sawaki akarusha mpira wa kuzama. Nilimwomba mimi. Ukadunda chini. Nikapeleka mkono.

Akafungua kidogo magoti yake, akapitisha kidole cha kulia kilichopinda katikati, kutoka mbele kwenda nyuma.

— Lo! alisema yule mama wa ndimu.

— Watu elfu thelathini. Nilisikia mpira ukigonga ukuta nyuma yangu. Nilisikia peke yangu.

Faustini alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti. Kwa miaka saba watu walimuuliza ilikuwaje. Waliuliza kama alisukumwa, kama jua lilikuwa machoni, kama Watabora walimfanyia dawa. Swali alilotaka yeye kumuuliza mtu, hakuwa amempata wa kumuuliza.

— Bwana Kurata, alisema. Kesho yake ulifanya nini?

— Kesho?

— Kesho yake asubuhi. Ulipoamka.

Kurata aliweka kikombe chini.

— Sikulala. Asubuhi mtu amegonga mlango. Sawaki. Sikutaka kufungua, niliona aibu kubwa. Akagonga tena. Nikafungua. Hakusema pole, hakusema kitu. Alikuwa na mpira na glovu yangu. Akasema, njoo udake.

— Ukaenda?

— Nilikwenda. Uwanja mtupu, karatasi kila mahali. Akarusha chini, ule ule. Nikazuia. Akarusha tena. Labda mara mia mbili. Kifua kilikuwa chekundu chote. Halafu akasema nina njaa, tukaenda kula.

— Mwaka uliofuata mkachukua kombe! Redio alishangilia.

— Hapana. Tulikuwa wa nne. Kurata akatabasamu. Sikufika tena fainali. Lakini nilicheza miaka sita mingine. Mizuri sana ile.

Kipuri kilifika kwa treni ya siku ya tatu. Faustini ndiye aliyekipima kwenye mizani. Wakapeana mikono, kidole kimoja kilichopinda kati ya vidole vilivyopinda, na Kurata akaondoka na boti yake kwenda kusini kwa wenzake.

Jioni hiyo Faustini alirudi nyumbani akaanza kupekua chini ya kitanda.

— Unatafuta nini? aliuliza mkewe, Melania, akipepeta mchele mlangoni.

— Ile sweta yangu ya kijani. Ya golini.

— Ya golini? Melania aliweka ungo chini. Faustini, ile anatagia kuku. Mwaka wa tatu huu.

— Basi mwamshe.

— Mwamshe mwenyewe, ana mayai.

Lakini alikwenda yeye, akamhamishia kuku kwenye gunia, akaifua sweta mara mbili na kuianika. Usiku huo aliposhona tundu la kiwiko, Faustini alimsikia akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa muda mrefu.

Sasa Nyota ya Ziwa haikuwa na golikipa. Leonardi, aliyekuwa akikaa golini, alikuwa amehamishiwa Kasulu kikazi, na Saba Saba ilikuwa imebaki wiki moja, mechi na vijana wa mtaa jirani wa Gungu imekwisha kutangazwa. Mwenyekiti alikuwa amembembeleza Faustini mara tano bila mafanikio. Safari hii Faustini alimfuata mwenyewe dukani, akasimama mbele ya cherehani.

— Nitakaa golini. Lakini kila asubuhi kabla ya kazi unipigie mipira ya chini. Ya kudunda.

Mwenyekiti alisahau mguu juu ya pedali, na cherehani ikaushona mkono wa shati la mteja pamoja na mfuko.

Kwa siku sita, jua likichomoza, wapita njia wa Kasingirima walimwona fundi cherehani mwenye kitambi akipiga mpira, na karani wa mizani akiangusha magoti kwenye mchanga. Hakudaka kitu. Alipigwa kifuani, tumboni, mara moja mdomoni. Redio alikuja siku ya pili kucheka, siku ya tatu akavua viatu akaanza kupiga naye.

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa. Faustini alipotoka na sweta yake ya kijani, Gungu nzima ikaimba: Ta-bo-ra! Ta-bo-ra! Dakika ya kumi na tano walimfunga. Ulikuwa mpira wa juu, mzuri, ila alichelewa kuruka. Kelele zile zikamfunika kama maji. Alilala pale chini, pua kwenye majani, akijua kwamba akiinuka ataona nyuso. Kisha akainuka, akautoa mpira wavuni, akaupiga katikati. Nyuso alizoziona zilikuwa nyuso tu, na nyingi zinatafuna miwa.

Kipindi cha pili Nyota wakasawazisha. Dakika zikayoyoma. Karibu na mwisho kijana mmoja wa Gungu, mguu wake umeteleza, alipiga shuti bovu, likaja likitambaa, likadunda mara ya kwanza. Uwanja ukanyamaza, kwa maana kila mtu mzima wa Ujiji aliujua mpira ule. Likadunda mara ya pili. Mikono ya Faustini ilitaka kwenda. Akaikataza. Akaangusha magoti, akakunja mabega. Mpira ukampiga kifuani puu, ukaanguka mbele yake, naye akaulalia kama anayelalia mtoto asiamke.

Mechi iliisha sare, bao moja kwa moja. Ujiji walishangilia kama waliochukua kombe la Afrika. Melania aliingia uwanjani na watu wengine, akamkuta bado anacheka peke yake, akampangusa vumbi shingoni kwa ncha ya kitenge.

Kesho yake alasiri benchi lilifurika, watu wengine wakasimama.

— Nimepata habari kamili, alisema Redio. Kurata kule kwao alizuia gari moshi. Kwa kifua. Lilikuwa limekosa breki.

— Ndugu wajumbe, tuzungumze mambo ya maendeleo, alisema Mwenyekiti. Napendekeza mchezo wa Bwana Kurata uanzishwe hapa Ujiji. Mafundi boti watatuchongea gongo. Glovu nitashona mimi kwa ngozi ya ng'ombe. Mwalimu wa wadakaji, ndugu Faustini. Katibu mwenezi, ndugu Ignas.

— Na mimi? aliuliza Mzee Dunia.

— Mzee ni mlezi wa timu.

— Mpaka Kagunga watakuja kucheza na sisi, alisema Redio. Mpaka Burundi! Tutawafunga wote.

Muuguzi mmoja kijana alikuwa amesimama kando ya birika akisubiri kikombe. Aliitwa Agnesi, amehamishiwa hospitali wiki hiyo hiyo kutoka Songea, hata nyumba hajapata. Alikuwa amesikiliza yote kwa makini, maana alipenda michezo.

— Shikamooni. Samahani, wazee wangu, alisema. Huo mchezo nimeupenda. Anarusha, anapiga, anadaka, nimeelewa. Sasa mtu anashindaje?

— Vipi?

— Wanahesabu nini? Ili timu ishinde, inatakiwa ifanye nini?

Mwenyekiti alimtazama Redio. Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, haukutoa kitu. Akamtazama Mzee Dunia, naye Mzee Dunia akaanza kukagua makaa yake. Wote watatu wakamgeukia Faustini.

Faustini alikumbuka mrushaji, na gongo, na vidole, na miaka sita ya pembeni, na karatasi kwenye uwanja mtupu. Akatafuta zaidi. Hakukuwa na zaidi.

— Dada yangu, alisema, hilo hatukumuuliza.

Akaanza kucheka, na kifua chenye michubuko kikamuuma, na kadiri kilivyomuuma ndivyo alivyozidi kucheka, mpaka Mwenyekiti akalazimika kuahirisha kikao.